Shemiba Anangoja Kuitikiwa

Zuhura ameniomba niwaandikie nyinyi vijana wa studio yake jinsi tulivyokuwa tukifanya kazi, ili Shemiba, nungunungu wetu wa picha, akiwa mikononi mwenu mjue ametoka wapi. Nilimwambia mimi si mwandishi. Akasema, andika tu, mama, kama unavyoongea. Basi naandika, ingawa nikiongea huwa nakatiza katikati kwenda kutazama sufuria jikoni, na hapa sina sufuria ya kunisaidia. Nimestaafu mwaka huu. Kuhusu vyeo na mishahara sitasema kitu, maana vyeo vilikuwa viwili tu, mkuu na sisi wengine, na mshahara mkitaka kuujua njooni muione nyumba yangu.

Siku ya kwanza nilifika nimevaa viatu vya kanisani, nikidhani nimeitwa kushona mapazia, kwa sababu nilikuwa nimesomea ushonaji. Karakana ilikuwa nyumba ndogo juu ya mji wa Lushoto, njia ya kwenda Magamba, mali ya taasisi moja iliyotengeneza masomo ya watoto kwa picha: kunawa mikono, kupiga mswaki, kuchimba matuta udongo usiteremke na mvua. Mchoraji wa pale, Mzee Yonathani, hakuniuliza cheti. Alinipa wembe, karatasi ngumu na mchoro wa mguu wa nungunungu, akaniambia nikate. Nikakata. Akautazama, akautia kwenye ndoo ya taka. Nikakata mwingine, nao ukaenda ndooni. Kufika saa ya chai ndoo ilikuwa na miguu ya kutosha ukoo mzima wa nungunungu, na mimi nilikuwa najizuia nisilie. Mchana alichukua mmoja, akauweka mezani bila neno, akaenda kula. Hivyo ndivyo nilivyojua kwamba nimepata kazi.

Mzee Yonathani alikuwa ameanza maisha kwa kuandika vibao vya maduka na kuchora maua kwenye mabodi ya malori. Alikuwa mfupi, mpole, mwimbaji wa besi kwenye kwaya, na sikuwahi kumsikia akipaza sauti isipokuwa siku mbuzi wa jirani alipoingia ndani akala nusu ya msitu tuliokuwa tumeuchora. Alinifundisha kazi kwa kunyamaza. Ukikosea alikuwa anavua miwani, anaifuta, anaivaa tena, na wewe unajua urudie. Nimefanya kazi na wakubwa waliosoma sana waliokuwa wakigombeza asubuhi hadi jioni, lakini hakuna aliyenitia hofu kama miwani ile.

Nyinyi mnafanya kwenye kompyuta, kwa hiyo niwaeleze. Shemiba alikuwa wa karatasi, amekatwa vipande vipande: kichwa, kiwiliwili, miguu, mkia, na miiba yake ya mgongoni safu juu ya safu. Vipande vilishikana kwa uzi uliopita nyuma. Tulimlaza mezani juu ya mandhari iliyochorwa, na kamera ilifungwa juu ikitazama chini. Unasogeza mguu kidogo sana, upana wa ukucha. Unaondoa mkono. Unapiga picha moja. Unasogeza tena. Ukifanya hivyo kutwa nzima bila kupiga chafya, Shemiba atakuwa ametembea kutoka shimoni mwake hadi kwenye shamba la viazi, na mtoto atakayetazama atamaliza safari hiyo kabla hajamaliza kutafuna andazi.

Adui wa kwanza alikuwa ukungu. Asubuhi uliingia mpaka ndani, karatasi zikavimba na miguu ya Shemiba ikapinda kama ya mtu mwenye baridi yabisi, kwa hiyo hatukuanza mpaka jua litoke, na kuna miezi huku kwetu jua linatoka pale linapopenda lenyewe. Adui wa pili alikuwa umeme. Ukikatika katikati ya tendo, ukirudi mwanga wa taa hauwi uleule, unaanza upya. Adui wa tatu alikuwa sisimizi. Kuna mmoja alipita juu ya meza tukiwa tunapiga, hatukumwona, na kwenye picha akatokea anarukaruka mbinguni karibu na mawingu. Mkuu alitaka tuirudie sehemu hiyo. Mzee Yonathani akafuta miwani yake akasema mdudu huyo ametembea vizuri kuliko nungunungu wetu, aachwe. Leo watu wazima wenye ndevu wananiuliza habari za yule sisimizi, jina lake nani na alikuwa anaenda wapi.

Shemiba mwenyewe mnamjua. Ni nungunungu mtoto, mwizi wa viazi, mwoga, ambaye akishtuka miiba yote inasimama na akitulia inalala. Jina lilichekesha huku milimani kwa sababu linasikika kama la ukoo wa kweli wa Kishambaa, na kila tulikokwenda alipatikana mtu wa kuuliza Shemiba huyo ni wa upande gani. Sauti iliangukia kwangu. Binti aliyekuwa ameahidiwa kutoka Tanga alikwama njiani, mlima ulikuwa umemomonyoka na barabara imefungwa, na mimi ndiye niliyekuwa nasoma maneno wakati wa kupima muda. Tulitundika magodoro ukutani, tukamfukuza jogoo, nikabana sauti puani. Alipofika yule binti, Mzee Yonathani alimkaribisha chai, akamwomba radhi na kumlipia nauli ya kurudi.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo najua ndilo mnalotaka. Katika picha ya kwanza kabisa, mkuu alitaka Shemiba atoke shimoni na aanze kusema moja kwa moja kuhusu kunawa mikono. Mzee Yonathani alikataa. Alisema mtoto hawezi kuingia kwa watu akaanza kuwapa mawaidha hajawasalimia. Kwa hiyo Shemiba akatoka, akatikisa miiba, akasema, "Shikamooni," kisha akaendelea na habari zake. Tuliona tumefanya la maana sana.

Tulikwenda kuionyesha Mponde, darasani, mablanketi yametundikwa madirishani na jenereta inanguruma nje. Watoto wa wachuma chai walikaa chini mbele, na wazazi waliotoka shambani walisimama nyuma na vikapu vyao. Shemiba akasema shikamooni. Watoto walinyamaza, salamu ile haikuwa yao. Lakini kule nyuma watu wazima wote wakaitika marahaba, wengine wakaongeza hamjambo, wakaulizia na habari za kwao kama mnavyojua tunavyosalimiana huku, na wakati wote huo Shemiba alikuwa anaendelea kuongea peke yake. Hakuna aliyesikia neno hata moja kuhusu sabuni. Picha ilipokwisha bibi mmoja alinifuata. Hakuwa anatania.

"Huyu mtoto wenu anasalimia halafu hangoji aitikiwe," alisema. "Kwao hawakumfunza?"

Tulirudi Lushoto. Ni kosa ambalo mgeni angelifanya bila kujua kwamba amelifanya. Sisi tuliozaliwa hapahapa, tuliochapwa kwa kosa hilohilo, tulikuwa tumemtengeneza mtoto asiye na adabu na kumpeleka hadharani. Kesho yake Mzee Yonathani alimlaza Shemiba mezani tena. Tukampiga picha akiwa amesimama tu, anapepesa macho, mwiba mmoja ukitikisika kidogo ili watu wajue hajafa. Anasalimia, anangoja, ndipo anaendelea. Tulipopita Kwai, na baadaye Bumbuli, nilisimama nyuma ya mashine ya kuonyeshea picha nikasikiliza ukimya ule unavyojaa sauti za watu, wengine kwa Kiswahili, wengine kwa Kishambaa, na nakiri kwamba machozi yalinitoka gizani.

Baadaye kituo kimoja cha televisheni cha Dar es Salaam kilizichukua picha zetu, zikawa zinatoka kila Jumamosi alasiri. Fundi wa huko alipiga simu siku ya kwanza akasema tepu yetu ina hitilafu, mnyama anasalimia halafu anakwama. Mzee Yonathani akamjibu hajakwama, anangoja. Fundi akauliza anamngoja nani. Mzee akamuuliza ana miaka mingapi, na alipoitaja akamwambia basi umeshakuwa mkubwa, anakungoja wewe. Picha ikapita kama ilivyo.

Hatukujua kitakachotokea majumbani. Watoto wa nchi nzima walianza kutafuta mtu mzima kabla Shemiba hajatoka shimoni, kwa sababu walihisi asipoitikiwa ataumia. Walimwita bibi kutoka jikoni. Walimwita mpangaji. Mtoto mmoja alituandikia kwamba kwao wazazi wanashinda dukani, kwa hiyo kila Jumamosi anamwita mlinzi kutoka getini, na mlinzi anaingia na kirungu chake, anavua kofia, anasema marahaba, anarudi kazini. Katika miaka yote niliyofanya kazi sijapata sifa iliyonifurahisha kuliko kirungu kile.

Kisha wafadhili wakaondoka, kama wanavyoondoka. Mzee Yonathani alifariki miaka michache baadaye na tulimzika mvua ikinyesha. Karakana ikawa ya kupiga video za harusi na mahafali, na mimi nilibaki humo mpaka nilipostaafu. Sina malalamiko makubwa. Ila niseme kwamba nungunungu ukimwambia asimame anasimama, na wasimamizi wa bibi harusi sivyo walivyo.

Zuhura alikuja kwangu miezi michache kabla sijaondoka kazini. Baba yake ni mfanyabiashara aliyetoka Tanga akafungua duka hapa mjini, na yeye amekulia hapa akimtazama Shemiba. Alinipa shikamoo yake kwa adabu, akakaa, akasema amepata ruhusa ya kumrudisha Shemiba na anatafuta moyo wa kuanza. Alikuwa na picha fupi ya majaribio. Nilivaa miwani. Niwaambie ukweli, nilitaka iwe mbaya. Haikuwa mbaya. Miiba ilikuwa inang'aa mmoja mmoja, msitu una ukungu unaotembea, na ule mguu wa nyuma wa kushoto ambao sisi hatukuwahi kuuweza ulikuwa unakanyaga chini kama mguu. Lakini Shemiba alisema shikamooni na hapohapo akaendelea. Nadhani nilivua miwani nikaifuta, maana Zuhura aliniangalia akainamisha kichwa.

Alinieleza bila kuficha. Watakaogharamia picha wanasema mtoto wa siku hizi akiona hakuna kinachotokea kwenye kioo anasukuma kwa kidole na kwenda kwenye picha nyingine. Nikamwambia nimeelewa. Sikuwa nimeelewa, lakini sikutaka nimvunje moyo.

Kabla ya kuondoka aliniingiza kwenye kundi la simu la watu waliompenda Shemiba utotoni. Ndugu zangu, tangu siku hiyo sikupata utulivu. Simu inalia nikiwa kanisani, inalia nikiwa nachambua mboga. Mmoja anaogopa Shemiba ataanza kusema mambo vipi kama vijana wa mjini. Mwingine anaogopa atavalishwa suruali. Kuna anayeogopa ataacha kuiba viazi kwa sababu kuna mdhamini anauza chipsi. Wengine wanasema harakisheni, watoto wetu wanakua hawamjui. Na kwenye kila mabishano, mwishoni anatokea mtu anauliza: atangoja? Zuhura alisoma yote. Wiki moja baadaye aliandika kwamba ukimya umerudishwa. Kundi zima likafurahi, zikaja alama za makofi mpaka simu yangu ikaganda.

Mimi sikufurahi siku nyingi. Nilikuwa nimepata ujumbe wa sauti wa Elia, mmoja wa lile kundi, mwalimu wa shule ya msingi huko Bumbuli, aliyelelewa na bibi yake. Alianza kwa kunisalimia na kuniomba radhi, kisha akasema yeye hataki Shemiba arudi. Bibi yake ndiye aliyekuwa akimwitikia kila Jumamosi. Alipokufa, Elia alijaribu kutazama peke yake, Shemiba akasema shikamooni, akasimama anangoja, na nyumba ikawa kimya. Alizima televisheni. Kila Jumamosi iliyofuata alijaribu, na kila mara alitoka nje kabla ukimya haujaisha, hajapata kuona tena kinachofuata baada ya pale. Sasa ana binti mdogo. "Mama," alisema, "mimi sitaki mwanangu akutane na ule ukimya."

Nilimsikiliza Elia mara nyingi kuliko nilivyotaka. Jirani yangu ana mjukuu anayekuja likizo, na siku moja nilimkuta barazani anatazama katuni kwenye simu na spika amezichomeka masikioni. Nilikaa karibu yake nisisikie kitu. Hapo ndipo hofu yenyewe ilipoingia. Sisi tuliweka ukimya ule kwa sababu tulijua nyuma ya watoto kuna watu wamesimama na vikapu. Mtoto huyu nyuma yake hakuna mtu, na hata angekuwepo asingeisikia salamu. Shemiba atatoka, atasalimia, atapepesa macho, na atakayengojwa hayupo. Tutakuwa tumemfundisha nini mtoto huyo, isipokuwa kwamba unaweza kuwasalimia wakubwa wako wasikujibu?

Nilimpigia Zuhura nikamwambia labda waliokuwa wanataka ukimya utolewe walikuwa na haki.

"Hata mimi naogopa, mama," alisema. "Nikiuondoa nawakosea nyinyi. Nikiuacha namwacha mtoto peke yake."

Tulikubaliana hivi. Angeileta picha nzima Lushoto, aionyeshe kwa watu wa lile kundi walio karibu pamoja na watoto wao, bila kuwaambia wafanye nini. Wakiitika, ukimya unabaki. Wasipoitika hawa, waliokulia ndani yake, basi hakuna atakayeitika, na atautoa kabla hajaipeleka picha kwa wenye fedha. Aliniomba nisimdokeze mtu. Nikaahidi, nikajuta, na presha yangu ikapanda mpaka daktari akaniuliza nina msiba gani.

Jambo jingine lilikuwa sauti. Zuhura alikuwa amepata binti mdogo mwenye sauti nzuri wa kumsemea Shemiba, lakini salamu alitaka iwe yangu. Nilijaribu kuirekodi upya. Tulisikiliza wote wawili tukacheka, maana aliyesalimia alikuwa bibi yake Shemiba. Akaichukua ile ya zamani kutoka kwenye tepu yenye ukungu, akaisafisha, akaiweka.

Siku yenyewe tulikodi ukumbi mdogo mjini. Kulikuwa na chai ya tangawizi na maandazi, na watu walikuja na watoto wao wamevalishwa nguo nzuri kama wanaokwenda kubatizwa. Nilistaajabu kuwaona. Kwenye simu wanabishana kama watoto, na kumbe ni wakunga, wenye maduka ya pembejeo, maofisa wa halmashauri, mmoja ana upara. Kila aliyefika alikuja kunisalimia kwa mikono miwili. Waliniketisha mbele kwenye kiti chenye mto. Elia alikuja pia, nilimtambua kwa sauti. Alimketisha binti yake kwenye mkeka pamoja na watoto, yeye akaenda kusimama karibu na mlango, na nilielewa kwa nini amechagua mlango.

Taa zikazimwa. Shimo likaonekana, ukungu ukapita, Shemiba akatoka akatikisa miiba. Ukumbi mzima ulivuta pumzi. Kisha nikasikia sauti yangu ya usichana ikisema shikamooni.

Akasimama. Akapepesa macho. Mwiba mmoja ukatikisika.

Hakuna aliyeitika. Nilisikiliza mpaka masikio yakaniuma. Nilisikia mtu akijikohoza, kiti kikilia, mtoto akinong'ona. Shemiba alingoja muda wake wote, kisha akaendelea na viazi vyake kama mtoto aliyezoea kutojibiwa. Nilimtazama Zuhura kwenye meza ya kompyuta. Alikuwa amefunika mdomo kwa mkono. Aliisimamisha picha na kuwasha taa, na uso wake ulikuwa umeshaamua.

Ndipo nilipogeuka nyuma. Walikuwa hawatazami kioo. Wote, kuanzia wakunga hadi yule mwenye upara, walikuwa wananitazama mimi. Wengine walikuwa wameinama kidogo kwenye viti, midomo imefunguka nusu, kama watu walio mezani wanaongoja mkubwa wao aanze kula.

"Mbona kimya?" niliuliza.

Mkunga mmoja alijibu kwa sauti ya chini. "Tulikuwa tunakungoja wewe, mama. Tuitikeje na wewe upo?"

Sikujua nicheke au nilie. Hawakuwa wamesahau. Walikuwa na adabu, na adabu ile ndiyo iliyotaka kumfungia Shemiba mlango. Nikasimama, magoti yakilalamika.

"Mimi siwezi kujiitikia," niliwaambia. "Sauti ile ni yangu. Hapa wakubwa ni nyinyi."

Hawakulipenda jambo hilo hata kidogo. Walitazamana. Mwenye upara alisema yeye bado kijana, upara ni wa ukoo. Wakaanza kutafuta nani mkubwa, nani alimaliza darasa la saba kabla ya nani, nani alimwacha nani shuleni, wakasogezeana mzigo huo huku wakicheka kwa wasiwasi, mpaka mmoja akaonyesha mlangoni akasema, mwalimu Elia ametutangulia sisi wote. Elia alikuwa ameshashika kitasa. Kama angetoka nisingemlaumu. Alitazama nje, akamtazama binti yake kwenye mkeka, akauachia mlango.

Zuhura alirudisha picha mwanzo bila kuambiwa. Taa zikazimwa. Shimo, ukungu, miiba.

"Shikamooni."

Elia alifungua mdomo na sauti haikutoka. Nilikamata mkono wa kiti. Naujua ukimya ule kuliko mtu yeyote aliye hai, najua unapoanza kwisha, na ulikuwa umeanza kwisha.

"Marahaba, mwanangu," alisema Elia, taratibu, akitazama chini. "Hamjambo huko kwenu?"

Shemiba alipepesa macho mara moja zaidi, akashika njia ya kwenda shambani kwa watu. Wengine nyuma walikuwa sasa wanaitika kwa kuchelewa, sauti zikipandana, na watoto kwenye mkeka waligeuka wote kuwatazama wazazi wao. Binti wa Elia ndiye aliyegeuka kwa muda mrefu kuliko wenzake. Elia alivuta kiti kilichokuwa karibu na mlango, akaketi, akaitazama picha mpaka mwisho.